Kisima cha Yusuf, Mkate wa Liyongo: Visa vya Kale na Majeraha ya Nyumba Zetu



Hakuna mtaa katika ng'ambo zetu hizi tatu, Likoni, Kisauni na Changamwe, usiokuwa na nyumba yenye jambo lisilosemwa. Nyumba hii ina kijana aliyetekwa na unga. Ile ya pili ina mwana aliyeondoka siku moja asirudi, na mama yake hadi leo hafungi mlango kwa komeo. Ya tatu ina ndugu waliozaliwa tumbo moja, wasioamkiana tangu mirathi ya baba yao igawanywe. Ya nne ina mwanamke anayecheka arusini na kulia jikoni. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini wahenga hao hao walijua pia kuwa si kila mtu anaweza kusema, "Mimi ninaumwa na hapa." Ndiyo maana walituachia njia ya kando, iliyo nyepesi kwa aliyejeruhiwa, nayo ni njia ya kisa. Mtu asiyeweza kusimulia yake huweza kusikiliza ya mwingine, na akisikiliza hujiona.

Makala yetu ya juma hili yanahusu njia hiyo: jinsi visa vya kale vinavyoweza kuunganishwa na maisha ya mtu binafsi ili apate kuganguka na kubadilika, na pia jinsi visa hivyo hivyo vinavyoweza kutumiwa vibaya vikazidisha jeraha.

Kisa kama uthabiti wa moyo

Jambo la kwanza ni kuondoa dhana kwamba visa ni burudani ya watoto. Katika Surat Hud, aya ya 120, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anamweleza Mtume wake (S.A.W.) sababu ya kusimuliwa habari za Mitume waliotangulia, kuwa ni kuuthibitisha moyo wake. Tuzingatie hapo. Moyo unaotajwa ni wa Mtume, mbora wa viumbe, nao uliletewa visa ili uthibitike. Ikiwa yeye aliletewa dawa hii, sisi ni nani tujione hatuihitaji?

Tena wanazuoni wengi wamesema kuwa Surat Yusuf iliteremka Makka katika kipindi cha dhiki kubwa, karibu na ule mwaka unaojulikana kama Mwaka wa Huzuni, alipofiwa na mkewe Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib. Sura hiyo, yenye aya 111, husimulia maisha ya Nabii mmoja tangu utotoni hadi utu uzima bila kukatizwa na kisa cha Nabii mwingine. Mtume aliyekataliwa na jamaa zake aliletewa kisa cha Nabii aliyetupwa kisimani na ndugu zake.

Bi Aisha na baba yake Yusuf

Mfano ulio bayana zaidi wa mtu kuunganisha kisa cha kale na maisha yake mwenyewe umo katika Hadithi ya Ifki, iliyopokewa katika Sahihi Bukhari na kwingineko. Bi Aisha (R.A.) alikuwa mke kijana. Katika safari ya kurudi Madina alibaki nyuma akitafuta mkufu wake uliopotea, na wanafiki wakamzulia neno la kumvunjia heshima. Kwa takriban mwezi mzima mji ulikuwa ukinong'ona, naye alikuwa mgonjwa asijue. Alipojua, alilia hata akahofia ini lake litapasuka.

Ilipofika saa ya kutakiwa aseme lolote, alikuwa katika mtego ambao wanawake wengi wetu wanaufahamu: akisema hakutenda, hataaminiwa; na akikiri asilolitenda, ataaminiwa mara moja. Hapo akasema kwamba haoni mfano wake na wa watu wale ila mfano wa baba yake Yusuf, aliyeshika subira njema na kumwachia Mungu yale wanayoyasema watu. Katika baadhi ya mapokezi imeelezwa kuwa kwa ukali wa msiba ule jina la Nabii Yaaqub halikumjia, ndipo akasema tu "baba yake Yusuf". Na yeye mwenyewe husimulia kuwa wakati huo alikuwa msichana mdogo, hajasoma sehemu kubwa ya Qur'ani.

Kuna mafunzo matatu hapo. Kwanza, hakuhitaji kuwa mwanachuoni ili ajipatie mahali ndani ya kisa. Pili, hakusema kuwa yake ni sawa na ya Yaaqub kwa kila hali. Alichukua sehemu moja tu inayofanana na jeraha lake, ile ya kuzungukwa na maneno ya uongo bila ushahidi wa kuyapinga. Tatu, kisa kilimpa maneno pale ambapo maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Kisha zikateremka aya za Surat Nur kumtakasa.

Mfano wa pili ni wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Wapokezi wa sira wanasimulia kuwa alipoingia Makka kwa ushindi, mwaka wa 8 Hijria, Maquraishi waliomfukuza na kuwaua sahaba zake walisimama mbele yake wakingoja hukumu. Akawaambia kuwa atawaambia kama Yusuf alivyowaambia ndugu zake: siku hiyo hawatalaumiwa. Ndugu yetu msomaji, kisa alichoteremshiwa katika dhiki ya Makka ndicho alichokitumia katika ushindi wa Makka. Kwanza kilimfariji, kisha kikawa hukumu ya rehema juu ya maelfu ya watu.

Kisa na ngano: tusichanganye

Hapa yatupasa kuweka mpaka. Visa vya Qur'ani ni haki. Havihesabiwi pamoja na ngano. Lakini watu wa pwani tuna hazina ya pili, ya masimulizi ya wazee: habari za Mwana Mkisi, malkia anayesimuliwa kuwa alitawala Mombasa kabla ya Shehe Mvita, na ambaye jina la Kongowea hutajwa pamoja naye, habari za Shungwaya, zinazosimuliwa na Wamijikenda na baadhi ya Waswahili kuwa ndiko walikotoka, na habari za Fumo Liyongo, shujaa wa Shaka, aliyetungiwa utenzi maarufu na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Masimulizi haya si dalili ya sheria wala ya itikadi. Hakuna atakayehukumu mirathi kwa ngano. Lakini hekima ni kitu kilichompotea Muumini, na popote aionapo huiokota. Wazee wetu hawakuona tatizo kumaliza darasa msikitini kisha wakaketi barazani wakisimulia Liyongo, kwa sababu walijua kila kimoja kina mahali pake.

Tena Liyongo si wa mbali. Katika Taifa Kumi na Mbili za Mombasa, Wachangamwe wamo katika Miji Mitatu pamoja na Wakilindini na Watangana. Na Washaka wamo katika Miji Tisa. Kwa hiyo mtoto wa Changamwe anayesimuliwa habari za bwana wa Shaka anasimuliwa habari za jirani zake.

Mkate wa wishwa

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo akamtia gerezani kwa pingu na minyororo, auawe. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi walikuwa wakikila kila kilicho kizuri. Liyongo akampa Saada ujumbe wa fumbo ampelekee mama yake. Mama akafahamu. Akaoka mikate mizuri ya unga safi, na pamoja nayo mkate mmoja mkubwa wa wishwa, ndani yake akaficha tupa. Walinzi wakala ile mizuri, wakaucheka ule wa wishwa, wakampa mfungwa. Kisha Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu kuagana na dunia. Watu wakakusanyika nje, wakapiga na kuimba, na katika kishindo kile yeye akawa anakereza minyororo hadi ikakatika.

Sasa tuchukue mfano wa mama wa Kisauni ambaye mwanawe ametekwa na unga wa heroini. Amelia, amefunga, ameuza pete zake kulipa madeni ya mwana, amemfungia chumbani, amemfukuza, amemrudisha. Tumsimulie kisa hiki chote, kisha tumwulize: ndani yake, wewe uko wapi?

Huenda akaona kwamba mama yake Liyongo hakuingia gerezani kukereza minyororo kwa mkono wake. Hakuweza. Mnyororo ulikuwa mguuni pa mwana, na mwana ndiye aliyepaswa kuukata. Kazi ya mama ilikuwa kuhakikisha tupa imemfikia. Huenda pia akaona kuwa pesa anazompa mwanawe ni ile mikate mizuri: huliwa na walinzi kabla ya kumfikia mfungwa. Tupa ya leo inapatikana. Tangu mwishoni mwa 2014 tiba ya methadoni imekuwa ikitolewa nchini, na hapa kwetu iko kliniki Kisauni. Mashirika kama MEWA na Reachout yamefanya kazi ya kuwasaidia waraibu wa Mombasa kwa miaka mingi. Dawa hiyo haina sura ya kupendeza. Watu wataicheka na kusema kuwa mtoto amebadilisha ulevi kwa ulevi. Na wacheke, hata ule mkate wa wishwa ulichekwa.

Kijana naye, akisimuliwa, huenda akajiona ni Liyongo, naye kwa muda mrefu amezoea kuitwa teja. Tofauti ya majina hayo mawili si ndogo. Teja amekwisha, Liyongo amefungwa. Aliyefungwa ana kesho.

Na sisi majirani tuko wapi? Tuko nje, tukipiga gungu. Kishindo chetu kilimsitiri Liyongo asisikiwe akikereza. Kumsitiri kijana anayejaribu kuacha, kutomnyooshea kidole msikitini, kumpa kazi ya mkono bila kumkumbusha ya jana, ndiyo ngoma tunayotakiwa kuipiga. Asipopata sitara, walinzi watamsikia kabla pingu haijakatika.

Kuchagua kisa kinachofaa

Si kila kisa ni dawa ya kila jeraha. Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Mpaka leo zipo nyumba za Likoni na Mtongwe ambazo mwezi wa Aprili huingia kama mgeni asiyealikwa. Mtu mwenye nia njema aweza kumwendea aliyefiwa na mtoto siku ile akamsimulia habari za Nabii Nuh (A.S.), aliyemwona mwanawe akizama. Kwa nje visa vinafanana: mzazi, mwana na maji. Lakini mwana wa Nuh alizama kwa kukataa wito wa baba yake na wa Mola wake. Abiria wa Mtongwe walikuwa safarini kutafuta riziki ya halali. Kisa kile hapa kingekuwa chumvi kidondani.

Mzazi huyu apewe Hadithi inayomtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Kisha apewe Nabii Yaaqub (A.S.), aliyemlilia mwanawe hata macho yakageuka meupe, na wala Mungu hakumlaumu kwa machozi hayo. Wanawe walimwambia kuwa ataangamia kwa kumkumbuka Yusuf. Naye akajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu pekee. Mzazi anayeambiwa kila mwaka, "Bado tu unalia?" ana Nabii wa kukaa naye.

Yaaqub huyo huyo ni wa wale ambao wana wao wameondoka au wametoweka, nao ni wengi katika mitaa yetu. Wengi humtaja kwa subira yake wakasahau aya ya 87 ya sura ile, ambapo aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Subira njema, basi, ilikuwa na miguu. Ililia, ikaomba, na ikatuma watu kutafuta. Mzazi anayekwenda kuandikisha taarifa kituoni, anayebisha hodi katika ofisi za MUHURI au HAKI Africa hapa Mombasa, hajaacha subira. Anafuata nyayo za Yaaqub.

Kisa kinapogeuzwa silaha

Dawa ikizidi au ikikosewa huwa sumu. Likoni inalijua hilo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa, kisha wakaandamwa wakazi waliotoka bara. Watu wengi waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Imeandikwa wazi jinsi vijana walivyolishwa viapo msituni, wakaaminishwa kuwa risasi hazitawadhuru. Madai yao ya ardhi na ajira yalikuwa ya kweli, umaskini wao ulikuwa wa kweli. Lakini walipewa hadithi ya ushujaa isiyo na mwisho mwema, na waliowapa hawakuwa pamoja nao risasi zilipowadhuru.

Miaka ya baadaye wakaja wengine na visa vya majemadari wa zamani, wakawaambia vijana wa mitaa hii kuwa maisha yao hayana maana mpaka wavuke mpaka kwenda kupigana vita vya watu wengine. Hao nao waliunganisha visa vya kale na maisha ya mtu. Tunawezaje kutofautisha? Liyongo anatufundisha tena. Aliyemwua, kwa kumchoma sindano ya shaba kitovuni, alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa na mfalme cheo na mke. Mwishowe hakupata alichoahidiwa, na baba alikuwa amekwisha kufa. Kisa chochote kinachomtaka kijana aibomoe nyumba yake kwa ahadi ya mtu aliye mbali, na atazamwe mara mbili.

Kuna na silaha ya ndani ya nyumba. Mwanamke anayepigwa huambiwa, "Kuwa kama Bi Asiya, aliyemvumilia Firauni." Lakini tusome vizuri Surat Tahrim, aya ya 11. Asiya alimwomba Mungu amjengee nyumba Peponi na amwokoe na Firauni na vitendo vyake. Aliomba kuokolewa! Wala hakumwita mdhalimu wake mume mwema. Basi anayemtaja Asiya ili kumnyamazisha mwanamke amekisimulia kisa nusu. Mwanamke huyo ana haki ya kuwaendea wazee wake, hospitali, polisi, na Kadhi, ambaye mahakama yake imo katika Katiba ya nchi hii.

Tufanyeje majumbani?

Tunapendekeza mwendo ufuatao, ambao hauhitaji gharama wala mtaalamu.

Kwanza, tengeni usiku mmoja kwa juma, baada ya Isha, simu zikiwa kando. Bibi au babu akiwapo, yeye ndiye mwenye kiti. Asipokuwapo, mama au baba asome.

Pili, chagueni kisa chenye jeraha linalofanana na la nyumba, bila kumtaja mtu. Ndugu wenye ugomvi wa mirathi wasomewe Surat Yusuf yote, wala msianze na msamaha. Mkianza na msamaha, aliyedhulumiwa ataona mnamharakisha. Kumbukeni kuwa Yusuf alisamehe baada ya ndugu zake kukiri kosa lao. Haki itajwe, na fungu la kila mrithi lirudi kwake. Kisha rehema ipate pa kukaa.

Tatu, kisa kikiisha, kila mtu aulizwe swali moja tu: "Leo umejiona kwa nani?" Asilazimishwe kujibu. Asiyejibu leo huenda akajibu mwezi ujao, akiwa anaosha vyombo. Na mkubwa asimjibie mdogo. Msishangae ndugu aliyedhulumu akijiona ni Yusuf kisimani. Wengi wetu hujiona ni wenye kutupwa. Swali likirudiwa kwa upole, juma baada ya juma, mtu hubadilisha mahali pake, na hapo ndipo mabadiliko huanza.

Nne, kisa kiishie katika tendo: simu moja ya kuomba radhi, safari moja ya kliniki, hati moja ya shamba kupelekwa kwa Kadhi. Kisa kisichozaa tendo kimekuwa usingizi.

Tano, tusikifanye kisa badala ya tiba. Anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyelala kwa majuma, anayetaja kujiua, asomewe dua na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta dawa.

Mwisho, yaandikeni yenu. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa mnamo 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wasia, na hadi leo mabinti wa pwani hulelewa kwa maneno ya mama yule. Nyumba iliyopita katika unga ikatoka, ndugu waliotengana wakapatana, mama aliyetafuta mpaka akajua mwanawe alipo, hao wana kisa cha kuwaachia wajukuu. Kisima cha Yusuf kilikuwa na kamba iliyoteremshwa na wapita njia wasiomjua. Huenda kisa chenu kikawa kamba kwa mtoto ambaye hajazaliwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotea, awafungue waliofungwa, awapatanishe waliotengana, na awarehemu waliotutangulia, wa majini na wa nchi kavu. Amin.

Wabillahi tawfiq.